Barua pepe zangu zilikuwa zinaishia kwenye spamu, nimepata dawa

Nauza zabibu kavu hapa Dodoma, na kila mwisho wa mwezi nawatumia wateja bei mpya kwa barua pepe. Miezi miwili mizima, kimya. Nikamwomba dada mmoja wa Area C aangalie simu yake: zipo, ila kwenye spamu.

Nilibadilisha kichwa, nikaondoa picha, nikahamia hata programu nyingine ya kulipia. Wapi!

Kumbe shida ilikuwa kwenye DNS (orodha ya mipangilio) ya kikoa changu, yaani lile jina la mtandaoni linalokuja baada ya @ kwenye anwani yangu. Tangu Februari 2024 Gmail inataka mtumaji athibitishe kikoa chake kwa SPF (rekodi ya DNS inayotaja nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa) au DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye kila barua). SPF ninayo, tena mbili: ya zamani ya barua za kawaida, na ya programu mpya niliyoibandika chini yake. Hapo ndipo penyewe. Kikoa kinaruhusiwa rekodi moja tu inayoanza na v=spf1; zikiwa mbili, ukaguzi wa SPF unafeli. Nikafuta ya pili, ile include yake (sehemu inayoitaja programu mpya) nikaihamishia kwenye ya kwanza, kabla ya ~all inayofunga rekodi. Kisha nikaongeza DKIM.

Kesho yake nikajitumia ya majaribio: SPF PASS, DKIM PASS. Dada wa Area C kashaagiza kilo tano.