Siku ya Bahari Tupu

Leo hakuna bandari. Meli ilitoka Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, na sasa tumo ndani ya Mlango-bahari wa Drake, maji yenye upana wa kilomita 800 hivi kati ya Amerika Kusini na Antaktika. Kuvuka huchukua kama siku mbili. Ndipo nimeelewa kwa nini meli hizi za watalii hubeba wahadhiri wengi hivi: abiria asiye na pa kwenda asipopewa shughuli, atamaliza vitafunio vyote kisha aanze kuilaumu hali ya hewa.

Ratiba ya leo imejaa. Ndege wa baharini, upigaji picha, historia ya wavumbuzi wa ncha ya kusini, na katikati yake darasa la kuchora kwa rangi za maji. Nilianza na kuchora. Mwalimu ni mpole, brashi ni nzuri, lakini meli ilikuwa ikiyumba na kila mmoja wetu alipata milima yenye mawimbi. Tulicheka sana. Hata hivyo nilitoka nikijiuliza: hili si ningeweza kulifanya popote penye meza isiyotikisika?

Swali hilo limenifuata siku nzima. Elimu melini si jambo geni. Katika miaka ya 1950 Swan Hellenic, kampuni ya safari za meli, walizungusha abiria kwenye magofu ya Ugiriki wakiwa na wanaakiolojia kama Mortimer Wheeler. Ipo pia meli ya SS Uganda, iliyojengwa 1952 kwa safari za London na Afrika Mashariki. Mwaka 1968 ikaanza kubeba wanafunzi wa shule, hadi vita vya Falkland vya 1982 vilipoikuta Mediterania, watoto wakashushwa Naples na yenyewe ikageuzwa meli ya hospitali. Queen Mary 2, iliyoanza safari 2004, ina hata ukumbi wa kuonyeshea nyota kwenye kuba. Naupenda ujasiri wa wazo hilo, ingawa lina kichekesho chake: kukaa gizani ukitazama nyota za taa katikati ya bahari, wakati zile za kweli zimetanda juu ya sitaha na taa za meli yenyewe ndizo zinazozifunika.

Mimi naona somo la melini huwa na thamani pale linapoihitaji meli. Leo nimelishuhudia hilo katika mhadhara wa ndege. Mhadhiri alikuwa akieleza jinsi albatrosi mkubwa, ambaye mabawa yake yakinyooshwa hufikia mita tatu na nusu, anavyoruka saa nyingi bila kupigapiga bawa. Ana kano begani inayolifunga bawa likiwa limenyooka, hivyo misuli haichoki. Halafu hupanda akiukabili upepo, akageuka, akateremka nao, akapanda tena. Alikuwa bado kwenye mchoro huo mtu alipopaza sauti kutoka dirishani. Ukumbi ukabaki mtupu, na wa kwanza kutoka alikuwa mhadhiri mwenyewe. Nje, ndege alikuwa anafanya vilevile kama kwenye mchoro: anapanda, anageuka, anateremka, bawa limekaza kama ubao. Nikatazama bega lake. Bila ule mhadhara nisingejua kwamba kuna cha kutazama begani.

Alasiri ulifuata mkutano ambao hauruhusiwi kukosa; asiyehudhuria hashuki nchi kavu. Kanuni zake hutoka kwa IAATO, chama cha waendeshaji wa utalii wa Antaktika kilichoundwa 1991. Hawashuki zaidi ya abiria 100 mahali pamoja kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Pengwini anaachiwa mita tano, na njia ni yake. Akija upande wako, wewe ndiye unayesimama au kurudi nyuma. Tangu mafua ya ndege yaingie ukanda huo, ni marufuku pia kukaa, kupiga magoti au kuweka begi chini.

Baada ya hapo tukapanga foleni na makoti yetu. Kila mfuko ulifyonzwa vumbi kwa mashine, soli za viatu zikachokolewa kwa sindano, kisha zikasuguliwa kwa dawa. Mama mmoja mbele yangu alitolewa mbegu ya nyasi kwenye mshono wa koti, na kwa muda sote tukawa wanabotania. Si mzaha: aina ya nyasi iitwayo Poa annua imeshaota karibu na kituo cha utafiti katika Kisiwa cha King George, na haikufika huko kwa miguu yake. Hakuna darasa lililonifundisha habari za viumbe vamizi kwa haraka kama ile foleni.

Jioni tulifundishwa kumpiga picha nyangumi wa nundu. Picha nzuri kwa mpigapicha ni ile ya kuruka. Kwa mtafiti ni ya upande wa chini wa mkia, anapouinua kabla ya kuzama, kwa sababu madoa yake meusi na meupe hayafanani na ya nyangumi mwingine. Ukituma picha hiyo Happywhale, tovuti ya kuwatambua nyangumi kwa picha, kompyuta huilinganisha na mikia iliyokwisha kusajiliwa, na huenda ukaambiwa kwamba wako aliwahi kuonekana pwani ya Colombia au Panama, wanakokwenda kuzaa. Nimechaji betri zote.

Kesho, wakati tukikaribia visiwa vya South Shetland, kuna mhadhara wa barafu. Nitakaa kiti cha karibu na mlango.