Mtoto wa Dahalia na Saa Zake

Chake Chake, Ijumaa usiku

Leo kwenye kikao cha walimu limerudi lile suala la kidato cha nne na michezo. Rai ni ile ile ya kila mwaka: ukishaanza muhula wa pili, wanafunzi wa darasa la mtihani wasionekane uwanjani mpaka Novemba ipite. Nilisema ninayoyaamini, nikasikilizwa kwa adabu, na kikao kikaahirishwa hadi Jumatatu. Nimerudi nyumbani moyo umejaa, nikaona bora niandike kuliko kulala nayo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu na mlezi wa dahalia, yaani bweni, ya wasichana. Dahalia zetu za huku Pemba mtu akizisikia hudhani ni vitanda tu. Siku ya kwanza mtoto anakuja na godoro, ndoo na sanduku, mzazi anatia saini, na kuanzia hapo huyo ni wetu usiku na mchana. Tunamuamsha sisi, tunamlisha sisi, tunampangia lini asome, lini afue, lini alale. Ndiyo maana sikubali nikiambiwa kwamba netiboli inawala watoto hawa saa zao za kusoma. Mwanafunzi wa kutwa anaweza kupotelea uwanjani njiani akirudi kwao. Wa dahalia hana saa hata moja ambayo haikupangwa na mtu mzima. Michezo na masomo vikigongana kwake, vimegonganishwa na ratiba, na ratiba tumeiandika sisi.

Jambo hili nimelifikiri muda mrefu, lakini aliyenifungua macho ni mtoto wa dada yangu.

Dada anaishi Ontario, Canada, na mwanawe wa kike kazaliwa huko. Ana miaka kumi na sita, anakaa skuli ya bweni, na ni golikipa wa hoki ya barafu. Marehemu babu yetu angekuwapo angeomba aelezwe mara mbili. Bibi yuko Wete, na kila tukimpigia simu haulizi kama mjukuu ameshinda, anauliza kama ile baridi haimuumizi kifua.

Mchezo wenyewe ni wa watu sita kila upande, golikipa ndani yake, wote wamevaa viatu vyenye visu chini, wakikimbizana juu ya barafu na magongo. Wanagombania kisahani cheusi cha mpira mgumu, uzito wake baina ya gramu 156 na 170, nacho hugandishwa kwanza kwenye friji ili kisirukeruke. Wakubwa hucheza vipindi vitatu vya dakika 20. Kasi yake ni ya kuchosha mno, kwa hiyo mchezaji hukaa barafuni kiasi cha dakika moja au pungufu, akatoka, akaingia mwingine. Golikipa peke yake ndiye habadilishwi hovyo. “Mama mdogo, mimi sibanduki,” aliniambia. “Wenzangu wanatoka wanakunywa maji, mimi nimesimama pale pale.” Kwa wasichana kugongana kwa makusudi ni marufuku, na hilo ndilo nililomwambia Bibi kumtuliza. Tena vazi la golikipa linamfunika kuanzia utosini mpaka vidoleni, na mtandio wake mwepesi unakaa chini ya helmeti bila taabu. Suala la stara, ambalo huku tunapigana nalo kila tunaposhona jezi za wasichana, kwake lilimalizwa na baridi.

Mechi zao nyingi za jioni zinatuangukia saa tisa za usiku, kwa sababu wakati wa baridi wao wako nyuma yetu kwa saa nane. Dada hunitumia kiungo, nami nikiamka huangalia kwenye simu sauti nimeifunga, hadi inapokaribia adhana ya alfajiri. Lakini kilichonishughulisha zaidi ni ratiba yake. Nilimuomba aniandikie siku yake nzima, akaniandikia kwa Kiswahili kizuri cha mama yake.

Anaamka saa moja asubuhi. Masomo yanakwisha saa tisa, saa kumi anaingia barafuni, saa kumi na mbili anakula. Saa moja na nusu mpaka saa tatu na nusu ni prepo, kipindi cha kujisomea usiku, tena prepo ya kweli, na mwalimu wa somo yupo chumbani. Saa nne simu zinakusanywa. Saa nne na nusu taa zinazimwa.

Nikahesabu. Analala kwa muda wa saa nane na nusu. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016: mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 alale kwa muda wa baina ya saa nane na kumi. Wa kwetu prepo inakwisha saa nne usiku, mpaka wakoge na wapange vitabu ni saa tano kasoro, na saa kumi alfajiri tunagonga milango ili wawahi maji, sala na usafi. Yaani usingizi wa saa tano na kidogo, na darasa la mtihani tukiwaweka kambi tunawapunguzia hata hizo. Kisha kipindi changu cha saa nne asubuhi nusu ya darasa wamelala macho wazi, na mtu ananiambia kisa ni mpira wa jioni! Mpira huo ni dakika arubaini na tano, mara tatu kwa wiki.

Kitu cha pili alichonieleza ndicho ninachokitaka zaidi. Kabla muhula haujaanza, kila mwalimu wa skuli ile anapewa ratiba ya mechi zote za msimu. Mwalimu wa kemia anajua Ijumaa ipi timu itakuwa safarini, kwa hiyo jaribio lake hulileta Jumatano. Nchi ile ni kubwa, safari moja ya basi inaweza kumaliza nusu siku, na ndani ya basi kuna saa maalumu ya vitabu, watu kimya. Kila wiki walimu wanampelekea kocha taarifa ya kila mchezaji. Aliyeteleza katika somo hakatazwi mazoezi, ila siku ya mechi anakaa benchi mpaka alama zipande, na anayemkalisha ni kocha mwenyewe. Mwanetu yalimfika mwaka jana katika historia. Alilia kwenye simu, dada naye akalia, na baada ya wiki chache alirudi golini. Cheti chao cha sekondari pale Ontario kinataka masomo yenye thamani ya krediti 30 na saa 40 za kuitumikia jamii, na hakuna krediti anayosamehewa mtu kwa kuwa anadaka vizuri.

Suala la sala nililiuliza mimi. Disemba magharibi inaingia kwao kabla ya saa kumi na moja jioni, katikati ya mazoezi. Kocha, ambaye si Muislamu, anampa nafasi atoke, akivua yale mazigo ya miguuni asali kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ramadhani za miaka hii zinaangukia Februari na Machi, wakati msimu wao uko kwenye mechi za kutolewana, na huo ni mtihani mwingine. Hapo dada ndiye anayeamua, na mara nyingine ameamua mtoto apumzike. Nilimuunga mkono.

Najua nitakavyojibiwa Jumatatu: ile ni skuli ya kulipia, ada yake ingeendesha dahalia yetu yote. Ni kweli. Hata yeye yupo pale kwa msaada wa masomo, na shemeji anaendesha lori la mizigo usiku ili kuziba iliyobaki. Barafu, basi, mwalimu kwa kila watoto wachache, sisi hatuna na sijaviomba. Nimeomba kalamu na karatasi: tarehe za mechi ziandikwe pamoja na tarehe za majaribio, kwenye ubao mmoja, kabla muhula haujaanza.

Mwenzangu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu sana na aliyenifundisha mimi mwenyewe, alisema leo kwamba mchezaji na msomi ni watu wawili. Sikumjibu pale pale. Hapa naweza. Historia ya hoki hiyo hiyo inasema vingine. Mechi ya kwanza inayojulikana kuchezwa ndani ya ukumbi ilikuwa Montreal, tarehe 3 Machi 1875, na wengi wa waliocheza walikuwa vijana wa Chuo Kikuu cha McGill. Karibu miaka mia baadaye alikuja Ken Dryden. Alimaliza Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1969, kisha akasomea sheria McGill huku akidakia timu ya Montreal Canadiens. Mwaka 1971 aliipa timu Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi kuu ya hoki, akiwa bado mwanafunzi, na 1973 tena. Msimu uliofuata, baada ya kutoelewana na timu juu ya mkataba, aliiacha hoki mwaka mzima, akaenda kufanya kazi katika ofisi ya mawakili Toronto kwa mshahara wa mwanagenzi, ili akamilishe mafunzo yake ya uwakili. Kisha alirudi golini. Alistaafu mwaka 1979, ana miaka 31 na makombe sita. Baadaye akawa mbunge na waziri, na alifariki mwaka 2025. Mwanetu ana picha yake mlangoni, ameegemea gongo lake, ametulia kama anayesubiri basi.

Lakini sihitaji kwenda mbali. Januari 2025, Zanzibar Heroes walipoifunga Burkina Faso 2–1 pale Gombani na kulichukua Kombe la Mapinduzi, mji huu haukulala. Wazazi nilioonana nao wiki ile walikuwa bado sauti zimewakauka. Baadhi yao ndio hao hao walionipigia simu muhula ulipoanza tu, niwaondoe watoto wao kwenye timu. Hilo linaniuma. Tunawapenda wachezaji wakiwa watoto wa wengine.

Mwaka uliopita kidato cha nne kilizuiwa michezo kama inavyotakiwa leo. Nilikuwa na msichana mmoja, wa upande wa Micheweni, mfungaji hodari wa netiboli, mrefu, mkimya. Nilitazama zile saa alizorudishiwa amezipeleka wapi. Alikuwa anajilaza kitandani, au anakaa nyuma ya jiko na wenzake wakipiga soga. Hesabu yake haikupanda. Nina daftari la alama, kila mwezi umeandikwa. Kilichopungua ni bidii yake ya kuamka, na ule utaratibu wa kumaliza zoezi haraka kabla ya saa kumi ili awahi uwanjani. Mtu akiwa na jambo analolipenda jioni hujifunza kuukamata mchana. Mwanetu ananiambia hivyo hivyo: miezi ambayo hakuna hoki ndiyo miezi ambayo insha zake zinachelewa.

Siwezi kusema michezo haichoshi. Inachosha, na wapo watoto ambao mwili wao haubebi vyote viwili, nao waachwe wachague. Vilevile tamasha la Elimu Bila Malipo, tunaloadhimisha kwa kukumbuka tarehe 23 Septemba 1964, huwakuta kidato cha nne wiki chache kabla ya mtihani wa Taifa. Hapo pana ugumu wa kweli. Timu ikivuka kwenda Unguja, ni safari ya boti kutoka Mkoani, mawimbi, watoto wanatapika, na siku za kukaa huko. Hapo mimi mwenyewe ningesema darasa la mtihani wabaki. Lakini kubaki Septemba hakulingani na kufungiwa tangu mwanzo wa muhula.

Hivi basi ndivyo nilivyoandika kwenye karatasi ya Jumatatu. Mazoezi yaendelee kwa wote, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, baada ya sala ya alasiri mpaka saa kumi na moja na nusu, ili wapate kukoga kabla ya magharibi. Prepo ikome saa tatu na nusu, na kengele ya asubuhi isogee mpaka saa kumi na moja kasoro, zamu za usafi zikihamishiwa jioni. Tarehe za majaribio na mechi ziwe ubao mmoja. Taarifa ya kila mchezaji iende kwa mwalimu wa michezo kila Alkhamisi, na aliyeshuka akae benchi, kwa neno la mwalimu wa michezo na si langu. Kidato cha nne wasivuke bahari Septemba. Tujaribu muhula mmoja, tufungue daftari la alama mbele ya wote, na zikiwa zimeshuka mimi nitakuwa wa kwanza kuunyoosha mkono tuache.

Nimeipeleka rasimu kwa Mwalimu Mkuu kwa simu, amesema ataisoma. Mwalimu wa fizikia ameshajibu usiku huu huu: jaribio lake la Jumamosi anaweza kulileta Jumanne. Bado wa biolojia na wa Kiarabu, nao nitawafuata kesho nyumbani kwao, kwa sababu mambo haya kwenye simu hayaeleweki. Wazazi tutawaita Jumapili ya mwisho wa mwezi.