Siku moja maishani mwangu: glaida iliyotoka nje ya uwanja

Saa 2 asubuhi. Naandaa somo la wanafunzi wa programu kuhusu Mchezo wa Maisha wa mwanahisabati John Conway, ulioanza kujulikana duniani mwaka 1970. Msimbo nimeurithi, umeandikwa kwa lugha ya programu ya Haskell. Mchezo wenyewe ni uwanja wa miraba, kila mraba ni seli iliyo hai au mfu, na uwanja hubadilika kizazi baada ya kizazi. Kanuni ni fupi: seli hai yenye majirani hai 2 au 3 inaendelea kuishi, seli mfu yenye majirani hai 3 kamili inazaliwa, nyingine zote hazina uhai. Uwanja ni miraba 40 kwa 40 na kingo zimeunganishwa: kinachotoka kwa kushoto kinaingilia kulia.

Saa 3. Naachia glaida, lile umbo la seli 5 linalosogea mraba mmoja kimshazari kila vizazi 4. Naielekeza juu kushoto. Inafika ukingoni, inamezwa, na upande wa pili haitokezi. Kijana ninayefanya naye kazi anainama kwenye skrini.

"Kaka, mbona chini pameandikwa seli hai 5 na uwanja mtupu?"

Jicho kali hilo. Kumbe glaida haijafa, ipo mahali ambapo skrini haichori.

Saa 4. Napachika Debug.Trace, zana ya Haskell ya kuchapisha ujumbe programu ikiendelea, nione kinachoendelea ndani. Ujumbe unatoka shaghalabaghala, kwa sababu Haskell haikokotoi kitu mpaka kihitajike. Naitoa.

Saa 5. Hapa ndipo ninapoipendea lugha hii. Funksheni ya `hatua` haigusi chochote cha nje: inapokea kizazi, inarudisha kizazi kinachofuata, basi. Kwa hiyo historia nzima ya uwanja ni orodha moja isiyo na mwisho, `iterate hatua glaida` (yaani anza na glaida, rudia `hatua` bila kikomo), na kizazi chochote nikikiita kinakuja vilevile, hata nikikiita mara mia. Glaida ilianzia (20,20), kona yake ya juu kushoto. Naita kizazi cha 92. Zinakuja seli 5, zote zina namba hasi: (-3,-3), (-2,-3), (-1,-3), (-3,-2), (-2,-1). Glaida nzima, umbo lake lilelile, inaendelea na safari nje ya uwanja.

Saa 7 mchana. Wali maharage.

Saa 8. Sasa naondoa kila kisichohitajika. Nabaki na seli 3 zilizosimama kwenye safu wima ya 0: (0,5), (0,6), (0,7). Napiga hatua moja tu:

`fromList [(-1,6),(0,6),(1,6)]`

Hiyo ya kwanza ilipaswa kuwa (39,6). Naenda moja kwa moja kwenye funksheni ya majirani na kukuta kingo zinaunganishwa kwa `rem`, moja ya funksheni mbili za Haskell za kupata masalio ya kugawanya; nyingine ni `mod`. Masalio ya `rem` hufuata alama ya namba inayogawanywa, hivyo -1 kwa 40 hubaki -1. Ya `mod` hufuata alama ya kigawanyo, na hubaki 39. Aliyezoea alama ya % ya Java ataona `rem` ni sawa kabisa. Aliyetoka Python angetarajia 39. Hitilafu ya aina hii haipigi kelele: hakuna kosa linaloripotiwa, aina za data zote ziko sawa.

Saa 9 alasiri. Naweka `mod` sehemu zote mbili, safu wima na safu mlalo, kisha naandika jaribio litakalobaki kwenye mradi. Miraba 40, vizazi 4 kwa kila mraba: kwenye kizazi cha 160 glaida lazima iwe imerudi palepale ilipoanzia.

`iterate hatua glaida !! 160 == glaida`

`True`.

"Na uwanja ukiwa 40 kwa 30?" kijana anauliza.

Anachukua kalamu mwenyewe. Ili glaida irudi palepale kwa pande zote mbili kwa pamoja, tunahitaji kigawe kidogo cha shirika cha 40 na 30, yaani 120; mara vizazi 4 ni 480. Tunabadilisha vipimo, tunaita kizazi cha 480.

`True`.