Vimelea wa Star Trek walikuwa wanamwita nani?

"Conspiracy", episodi ya 25 katika msimu wa kwanza wa tamthilia ya anga za juu Star Trek: The Next Generation, ilirushwa Mei 1988 na fumbo lake halijafumbuliwa. Vimelea wamewaingia wakuu wa Starfleet, kikosi cha meli za anga, wakiacha kijipezi tu kimechomoza kisogoni. Nahodha Picard na msaidizi wake Riker wanamlipua Remmick, ofisa aliyembeba mama wa vimelea hao. Kisha Data, roboti wa meli yao, anatoa habari mbaya: Remmick alikuwa akirusha ishara kutoka Duniani kwenda upande wa galaksi usiowahi kuchunguzwa.

Mashabiki wengi wanasema walioitwa ni Borg, maadui nusu kiumbe nusu mashine. Ushahidi upo. Katika episodi inayofuata, "The Neutral Zone", vituo vya mpakani vimeng'olewa mzimamzima ardhini, na mwaka 1989, katika "Q Who", uharibifu wa aina ileile unaonekana kwenye sayari iliyopitiwa na Borg.

Lakini piga hesabu ya tarehe za nyota, yaani kalenda ya Star Trek. "Conspiracy" ni 41775.5, "The Neutral Zone" ni 41986.0, tofauti ni 210.5. Kwa kuwa 1000 ni kama mwaka mmoja, hizo ni siku 77 hivi. Yaani ishara ifike, Borg wafunge safari na vituo ving'olewe, yote ndani ya wiki 11! Labda tuseme walikuwa jirani tayari, na kama ni hivyo, ishara ya nini?

Isitoshe, "Regeneration", episodi ya 2003 ya Star Trek: Enterprise, ina ishara nyingine, iliyotumwa na Borg wenyewe mwaka 2153, ambayo ingechukua angalau miaka 200 kufika kwao. Msimu huu wa kwanza unaishia 2364. Hesabu inakubali bila kimelea hata mmoja.

Tabia nazo zinapingana: vimelea wanatafuta mwili hai wenye cheo, ilhali Borg wa "Q Who" wanawapita watu kama hawawaoni, shida yao ni mitambo.

Chanzo cha mkanganyiko kiko nyuma ya kamera. Mwandishi Maurice Hurley alikusudia adui awe jamii ya wadudu, gharama zikakataa, wakazaliwa Borg. Mgomo wa waandishi wa Machi hadi Agosti 1988 nao ukavuruga mwendelezo uliopangwa.

Kwangu, nadharia kwamba vimelea ni ndugu wa viumbe wa Trill, jamii nyingine ya Star Trek, ina uzito zaidi, maana nao huishi ndani ya mwili wa mwingine. Kasoro yake ni kwamba wa Trill hukaa tumboni, tena kwa ridhaa ya mwenyeji.