Deni la kikoba na barua kwa Filemoni

Jumapili, jioni.

Kikao cha baada ya ibada kimetuweka chini ya mwarobaini mpaka saa tisa. Julai ya Dodoma ndivyo ilivyo: upepo wa baridi, vumbi machoni, na ukitoka kivulini utosi unaungua. Ajenda ilikuwa moja. Mtunza hazina wa kikoba chetu alichukua fedha za wanachama akanunulia alizeti, akitegemea bei ipande. Bei ikashuka.

Wapo waliotaka atengwe, asiisogelee meza ya Bwana. Wapo waliosimama na mzee mmoja wa kanisa aliyesema, "Tumsamehe, yaishe. Sisi ni Wakristo." Akapigiwa makofi. Ndipo akanyanyuka mama mmoja muuza mlenda mkavu, daftari lake la hisa limekunjamana mkononi. "Baba mzee, yakiisha hivyo, ada ya mjukuu wangu analipa nani?"

Hakujibiwa. Na mzee wetu, niseme tu, hana hata hisa moja kwenye kikoba kile. Kusamehe hela ya mwenzio hakuumi.

Mahubiri mengi niliyokulia yalizigawia haki na rehema zamu: leo Mungu ni mkali, kesho mpole. Usiku huu nimefungua Filemoni, barua ya Paulo ya sura moja, aya 25. Tunapenda kumtaja Onesimo, mtumwa wa Filemoni, anayerudi kwa bwana wake si kama mtumwa tena bali ndugu mpendwa. Aya ya 18 tunaipita mbio: "Na kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu." Paulo hamwambii Filemoni ameze hasara. Hasemi pia kwamba Onesimo abanwe mpaka alipe ndipo apokelewe. Apokelewe sasa, na deni liandikwe, ila kwa jina la Paulo. Mtu mwenyewe yuko kifungoni, sijui angezitoa wapi, lakini ameandika kwa mkono wake, "mimi nitalipa." Kama rehema ni hiyo, basi mama wa mlenda alikuwa na haki ya kuuliza, tena swali lake lilikuwa la kiroho kuliko makofi yetu.

Mchungaji ameamua ndugu yetu asitengwe. Ufunguo wa sanduku amekabidhi, na ataanza kulipa kidogo kidogo akishavuna zabibu zake. Sawa. Lakini zabibu za nusu eka hazitafika popote kabla shule hazijafunguliwa.

Nimemwambia mume wangu tujiandike gunia moja la mtama kwenye deni lile. Ameniuliza kama sisi ndio tulionunua alizeti. Nikamsomea aya ya 18, akasema Paulo hakuwa na watoto. Bado tunabishana, na wanunuzi wa mtama wanakuja Jumatano.