Siku moja na Requiem ya John Rutter: mimi mtunza nota, Norwich, Uingereza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Norwich bado giza, maana Novemba hapa jua linajivuta. Naondoka nyumbani na thermos ya chai na penseli sita zilizochongwa. Usiku huu kwaya na okestra yetu wanapiga Requiem, muziki wa kuwaombea marehemu, ya mtunzi Mwingereza John Rutter. Kazi yangu ni kuhakikisha kila mpigaji anakuta karatasi yake kwenye stendi, nzima na inayosomeka.

Saa mbili nafungua sanduku. Nota za okestra hatununui, tunakodi, kwa hiyo zimeshapita mikononi mwa watu wengi na kila mmoja ameacha penseli yake. Juu ya mistari ya fidla kuna alama za upinde: kijiV maana yake pandisha, kisanduku kisicho na kitako maana yake shusha. Waliotutangulia walitaka hivi, kiongozi wetu wa fidla anataka vile. Nafuta, naandika upya, karatasi moja baada ya nyingine. Natumia penseli laini, 2B, kwa sababu penseli ngumu inakwaruza karatasi na chini ya taa haionekani.

Saa nne nakutana na balaa. Nota ya selo ya kwanza, ile fidla kubwa ya sauti nzito, imechanika pale sehemu ya pili inapoanza, na mtu kaibandika selotepu ambayo imegeuka njano na kuficha nota zenyewe. Kati ya kurasa zote, huu! Sehemu hiyo ni Zaburi ya 130, na selo ndiyo inayoifungua, kabla kwaya haijatia neno.

Nachukua nakala ya kondakta, rula na karatasi ya mistari mitano, nanakili kwa mkono. Inanichukua saa nzima. Ukinakili muziki namna hiyo unaujua kuliko ukiusikiliza, maana kila nota inapita kwenye vidole vyako. Mstari unajikokota kutoka chini, unapanda kidogo, unaporomoka, unajaribu tena. Maneno ni ya Kiingereza cha kitabu cha sala cha Kianglikana cha 1662, lakini mimi kichwani nasikia ya kwetu: "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia."

Wapo wanamuziki wanaosema Rutter ana sukari nyingi. Nawaheshimu, lakini kwenye hili wamekosea. Kazi hii aliitunga kwa kumbukumbu ya baba yake, ikaimbwa nzima mara ya kwanza mwaka 1985 kule Dallas, Marekani. Sikia timpani, zile ngoma kubwa, zinavyodunda mwanzoni kabisa, kama hatua za watu wanaofuata jeneza, halafu uniambie sukari iko wapi. Na aliiandika kwa namna mbili: ya okestra, na ya vyombo vichache pamoja na ogani, hata kanisa lisilo na fedha liweze. Waimbaji wetu wa usiku huu ni wauguzi, fundi bomba mmoja, walimu wastaafu. Rutter anajua pumzi za watu kama hao zinaishia wapi. Tangu ujana wake chuoni Clare, Cambridge, ametunga kwa ajili ya watu wanaoimba baada ya kazi.

Saa saba mchana nampigia mwalimu wangu wa kwaya, Moshi. Kule ni saa kumi jioni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Leo ndiyo leo?"

"Ndiyo, jioni hii."

"Nipe sauti ya pili, ile ya mchungaji."

Namwimbia Zaburi ya 23, sehemu ya sita. Ananyamaza, kisha anairudisha yote kwa solfa, do kwa do, mi kwa mi, kama alivyokuwa akituandikia ubaoni kwa chaki. Halafu: "Hapo katikati umeteleza nusu sauti. Rudia." Narudia, nimesimama kwenye korido, sandwichi mkononi.

Solfa hiyo mzizi wake uko hapa hapa Norwich. Sarah Glover, aliyeongoza uimbaji kanisa la St Laurence, alichapisha mbinu yake mwaka 1835. Mchungaji wa Kiingereza, John Curwen, akaiendeleza, wamisionari wakaibeba mpaka kwetu. Napita mbele ya kanisa hilo kila siku nikienda kazini, na kila siku namkumbuka mwalimu na chaki yake.

Saa kumi na moja, mazoezi ya mwisho. Yanakwenda salama, isipokuwa stendi mbili hazina taa.

Saa moja na nusu usiku. Nimesimama nyuma ya nguzo, macho kwa mpiga selo. Anafungua ukurasa wangu. Karatasi inakaa. Upinde unagusa uzi, na mstari niliounakili asubuhi unatoka chini, unajikokota, unapanda. Ilipofika Zaburi ya 23, obo, kile chombo cha kupuliza, ikaanza ule wimbo wake mtulivu, na bibi mmoja safu ya mbele akamshika mwenzake mkono.

Saa nne na nusu nahesabu nota kurudi sandukuni. Zimetimia. Huko Moshi ni saa saba na nusu usiku, mwalimu amelala. Narekodi ujumbe wa sauti atakaoukuta alfajiri: sauti ya pili, toka mwanzo, safari hii na ile nusu sauti mahali pake.