Ile picha ya ubao wenye ukungu

Barua ya kwanza kutoka shule niliiweka juu ya kabati. Ilikuwa karatasi tu yenye muhuri, mtoto apelekwe kupimwa macho, halafu msimu wa kupanda mahindi ukaingia, na hapa Trans Nzoia ukishaingia shamba mambo mengine yanangoja. Shosho wake naye alikuwa ameshaniambia, "Mama, ukimzoesha mtoto miwani ndo unamharibu macho kabisa," nikamsikiliza kwa sababu ni mama mkwe wangu na namheshimu. Mwaka ukaisha hivyo. Hadi leo hilo linaniuma.

Safari iliyofuata aliyempima ni mwalimu wake, tena kwa simu, na mimi nilikuwepo shuleni siku hiyo. Simu inaonyesha herufi E moja tu, mara miguu yake inaangalia juu, mara chini, mara kando, mtoto anasimama kama mita 2 hivi anaonyesha kwa mkono imeelekea wapi, mwalimu anatelezesha kidole upande huohuo na simu yenyewe ndo inajua amepata au amekosa, basi herufi inazidi kuwa ndogo hadi ashindwe. Hata asiyejua kusoma anapimwa. Binti yangu alikuwa anaonyesha juu na E imelala kando, na alionyesha bila kusita hata kidogo, hapo ndo moyo wangu ulishtuka.

Jioni alikuja na kadi. Picha ya darasa, upande mmoja safi, upande wa pili kama umefunikwa na ukungu, ubao hauonekani umeandikwa nini, na huo wa ukungu ndo anavyoona yeye. Shosho aliishika muda mrefu. Akamuuliza, "Kwa hivyo ukikaa nyuma husomi chochote?" Mtoto akajibu, "Nasikilizanga tu, shosho."

Hakuna aliyebishana tena kuhusu miwani. Na kabla sijaanza kusahau, mesej ikaingia kwa simu yangu kunikumbusha hospitali.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba hii kazi imeanzia hapahapa Kenya, inaitwa Peek, na mmoja wa walioianzisha ni daktari wa macho kutoka Uingereza, Andrew Bastawrous, ambaye alikuwa Nakuru akizungusha mashine kubwa za hospitali mpaka sehemu hazina stima wala barabara. Halafu wakaja kuijaribu kwenye shule 50 za huku kwetu, watoto zaidi ya 20,000, matokeo yakatoka 2018. Waliopewa barua ya kawaida walifika hospitali 22 kati ya kila 100. Waliopata kadi ya picha na mesej walifika 54. Watu wanasifu simu kwa kupima, mimi naona kazi kubwa iko kwa hiyo kadi, maana barua ilinipa amri tu lakini picha ilinionyesha mtoto wangu anaishi vipi.

Ila hesabu hiyohiyo inasema 46 hawakufika, na nawaelewa, kuna nauli, kuna siku nzima ya kibarua inapotea, na simu haiwezi kukuchongea lenzi. Natamani sana miwani ifuate watoto hukohuko shuleni, angalau ile ya kawaida, wabaki kwenda hospitali wenye shida kubwa.

Binti sasa anasoma maandishi ya matatu akiwa kwa veranda. Wiki iliyopita nilipakua hiyo programu ya kupima akamsimamisha shosho ukutani, jicho la kulia akajaribu vizuri, tulipoziba la kulia akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Mbona sasa mmeondoa herufi?" Hatukuwa tumeondoa. Jumanne naenda na yeye Kitale, nauli nimeshaiweka kando.